Njia ya Nusu Marathoni Ipimwe Kama Gunia, Itangazwe Kama Bei

IYULA – Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za mahindi, maharage na mwenendo wa kahawa. Wiki hii naomba nafasi ya kuzungumzia bidhaa isiyopimwa kwa debe wala kwa kilo, nayo ni njia zinazopitiwa na mbio za nusu marathoni katika miji yetu. Wapo watakaouliza mambo ya riadha yameingiaje kwenye ukurasa wa biashara. Nawaomba wavute subira.

Mwaka juzi nilipanda Fuso lililobeba maparachichi na maharage ya mjomba wangu na majirani zake wawili, kutoka hapa Iyula kwenda jiji moja ambalo sitalitaja. Tuliondoka mchana wa Jumamosi kwa hesabu ya kuingia sokoni alfajiri ya Jumapili, wakati wachuuzi wanapanga meza na bei bado ina afya. Saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa tumebakiza kama kilomita nne. Hapo tukakuta utepe umevutwa katikati ya barabara, na askari mmoja mpole akatuambia kuna mbio, barabara itafunguliwa zitakapokwisha. Zitakwisha saa ngapi? Hakujua. Njia ya kuzunguka? Ilikuwapo kwa gari dogo, si kwa Fuso lenye mzigo.

Tulikaa pale mpaka saa nne na robo. Wakimbiaji wa mbele walipita kama upepo, wa nyuma wakapita wakipiga picha na kutupungia mikono. Mjomba naye aliwapungia, kwani ni mtu muungwana. Tulipofika sokoni, mnunuzi wa jumla aliyekuwa akitusubiri alikwisha jaza gari lake kwa mzigo wa watu wengine. Maparachichi tukayauza rejareja, nusu kwa kukopesha na nusu kwa kubembeleza.

Mjomba hakuzilaumu mbio zenyewe. Tukiwa njiani kurudi aliniambia maneno haya tu: “Mpwa wangu, wangetuambia Alhamisi, mzigo ungetoka Ijumaa.”

Nilikaa darasani miaka mitatu nikisoma biashara, na sidhani kama mwalimu yeyote alilieleza jambo la thamani ya taarifa sokoni kwa maneno machache kiasi hicho. Mfanyabiashara anaweza kuishi na mvua, na kodi, na hata bei mbaya, maadamu amejua mapema. Kinachomwangusha ni jambo lililokuwa limeamuliwa na watu wengine miezi mitatu nyuma, yeye akaja kulifahamu siku yenyewe, akiwa na mzigo mgongoni.

Nusu marathoni ina urefu wa mita 21,097.5. Ni nusu kamili ya marathoni ya kilomita 42.195, umbali uliotumika katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908 na kufanywa kipimo rasmi cha kimataifa mwaka 1921. Chukua kamba ya urefu wa kilomita 21 uitandaze ndani ya mji wa kadiri ya miji yetu, utaona kwamba ni vigumu sana kuzuia isikate angalau barabara moja kubwa, soko moja, stendi moja na hospitali moja. Kwa hiyo anayechora njia ya mbio hizo, apende asipende, anagawa fedha. Anaamua nani atauza maji, ndizi na chai asubuhi ile, nani mlango wa duka lake utazibwa na utepe, na mzigo wa nani utaozea kwenye foleni. Ni uamuzi wa kiuchumi, lakini kwa kawaida hufanywa na watu wa michezo, watu wa matangazo na trafiki, bila mtu hata mmoja wa soko kuwapo mezani.

Hapa nchini mfano ninaoupenda ni wa Moshi. Mbio za Kilimanjaro Marathon zilianza mwaka 2003 na hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nusu marathoni yake, ambayo kwa miaka mingi ilibeba jina la Tigo kabla kampuni hiyo haijaitwa Yas mwishoni mwa 2024, huanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, hupanda barabara ya Mweka kupitia migomba na mibuni, kisha hugeuza na kushuka mjini. Mji uko takriban mita 830 juu ya usawa wa bahari, na kule juu wanapogeuzia ni karibu mita 1,150. Mkulima wa Mbozi anajua maana ya mteremko kama huo anapobeba kahawa kichwani.

Angalia wenyeji wa Moshi walivyofanya biashara ya mteremko huo. Hakuna anayekwenda kule kutafuta rekodi ya dunia, na waandaaji hawajifanyi kuuza rekodi. Wanauza mlima. Barabara ya Mweka ndiyo hiyo hiyo wanayoshukia wageni wengi waliopanda Kilimanjaro, kwa hiyo mgeni anayekuja kukimbia Jumapili anaweza kuunganisha na kupanda mlima, na kitanda kimoja cha hoteli kikauzwa kwa siku nane badala ya mbili. Isitoshe, njia ile inaenda kijijini. Watu wanasimama mbele ya nyumba zao wenyewe, watoto wanashangilia, na mwenye chungu cha chai ana mteja mbele ya mlango wake. Mwanafunzi wa biashara angesema kwamba njia imewekwa kulingana na kile mji ulichonacho.

Sasa linganisha na Nairobi. Mei 8, 2022 zilifanyika mbio za Nairobi City Marathon juu ya barabara mpya ya kulipia, ile Nairobi Expressway yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Barabara hiyo ilifunguliwa kwa magari siku sita baadaye, Mei 14. Kama tangazo la barabara, sioni tangazo ambalo lingeishinda: picha za maelfu ya watu wakikimbia hewani juu ya jiji zilizunguka kila mahali. Na kwa kuwa barabara yenyewe ilikuwa haijaanza kazi, kuifunga hakukumpotezea mapato mwendeshaji wake.

Lakini sehemu ya barabara ile inayopita katikati ya jiji imebebwa na nguzo. Mchuuzi wa mahindi ya kuchoma aliye chini hawezi kumfikia mkimbiaji aliye juu, wala mama wa kibanda hawezi kusikia hata vishindo vya miguu. Fedha za siku ile ziliangukia mahali zilipoandaliwa kuangukia, yaani kwa wadhamini na kwenye viwanja vya kuanzia na kumalizia. Sisemi ni kosa. Kila njia ina mteja wake, na mteja wa njia ile alikuwa barabara. Nasema tu kwamba mtu wa Mbeya au Songwe anayetamani kuiga jambo la Nairobi ajiulize kwanza kama ana barabara ya kuuza au ana ndizi za kuuza.

Upo mji mwingine ulioamua kuuza kasi, nao ni Valencia, bandari ya Hispania. Mji ule ni tambarare na uko usawa wa bahari, na waandaaji wake walitambua kwamba hiyo ndiyo rasilimali yao. Kibiwott Kandie wa Kenya alikimbia nusu marathoni pale kwa dakika 57 na sekunde 32 mwezi Desemba 2020. Letesenbet Gidey wa Ethiopia akafuata Oktoba 2021 kwa saa moja, dakika 2 na sekunde 52, na Yomif Kejelcha, naye wa Ethiopia, akakimbia dakika 57 na sekunde 30 Oktoba 2024. Zote tatu zilikuwa rekodi za dunia siku zilipowekwa. Lami ya mji mmoja imekuwa kama shamba lililopimwa udongo: watu wanajua kitakachoota.

Jiji letu la jirani, Mbeya, haliwezi kuuza kasi. Liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na kila kona ina kilima. Hata hivyo mbio zipo na zina wateja. Tulia Marathon, kwa mfano, zimekuwa zikikusanya watu kwenye Uwanja wa Sokoine kwa miaka kadhaa. Hoja yangu ni ya mbio zote za kilomita 21 zitakazoandaliwa Mbeya na yeyote yule, kwa sababu Mbeya ina tatizo ambalo Moshi haina.

Jiji la Mbeya limeanikwa kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia kama nguo kwenye kamba. Uyole, Soweto, Mafiati, Iyunga hadi Mbalizi, kote huko kamba ni hiyo moja. Ndiyo inayobeba malori ya shehena ya Zambia na Kongo kuelekea Tunduma, ambako kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 5, 2019 ili malori yapunguze kusota mpakani. Msongamano wa hapo ndio ulioifanya Serikali iamue kupanua kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, kuwa njia nne. Sisi wa huku tunaiingia kamba hiyo tukitokea barabara ya Ruanda, Iyula na Nyimbili, na tukishaiingia hatuna nyingine. Kuifunga kwa saa nne asubuhi ya Jumapili si sawa na kufunga mtaa mmoja wa mji wenye mitaa mia. Ni kufunga mlango wa nyumba yenye mlango mmoja.

Kama mimi ndiye ningepewa kalamu, ningeiacha kabisa barabara kuu. Ningechora duara la kilomita kumi na nusu hivi upande wa mlimani, chini ya Loleza, kupitia Uhindini, Forest na Ghana, na wakimbiaji walizunguke mara mbili. Najua ubaya wake. Wa mbele watawakuta wa nyuma mzunguko wa pili, na wapo wakimbiaji wanaochoka kwa kuona nyumba ile ile mara mbili. Lakini tazama faida yake kibiashara: muuza chai mmoja anapitiwa na mteja yule yule mara mbili, vituo vya maji vinapungua nusu, askari wanahitajika nusu, na malori yanaendelea na safari zake. Na mkimbiaji amepata mlima wa kutazama, ambao ndio kitu alichokifuata Mbeya.

Lipo wazo jingine, ambalo nalitaja kwa sababu wenzangu wa Iyula hulipenda: mbio zianzie kijijini ziishie mjini. Boston nchini Marekani ndivyo ilivyo. Tangu mwaka 1924 marathoni yao huanzia Hopkinton, mji mdogo ambao bila mbio hizo nani angeujua? Watanzania wa umri wa mjomba wanaikumbuka njia ile kwa ajili ya Juma Ikangaa, aliyeshika nafasi ya pili huko miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Njia ya namna hiyo inakipa kijiji siku yake. Gharama yake ni kwamba kanuni za kimataifa hazikubali rekodi iwapo mwanzo na mwisho viko mbali mno, au iwapo njia inateremka kuliko mita moja kwa kila kilomita. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alikimbia Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, na hakuna mtu aliyewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo kabla yake, lakini haikuhesabiwa rekodi ya dunia. Kwetu sisi ambao hatuuzi rekodi hasara hiyo ni ndogo. Shida ni kwamba kutoka kijiji chochote cha huku kuingia Mbeya utalazimika kuikanyaga ile kamba, tukarudi pale pale.

Suala la pili ni kipimo, na hapa wafanyabiashara mtanielewa haraka kuliko wanamichezo. Aliyelipa ada ya kilomita 21 amenunua mita 21,097.5, na ana haki ya kupewa zote, asipunguziwe wala asizidishiwe. Njia hazipimwi kwa mita ya gari wala kwa simu. Hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, baada ya kuisawazisha kwenye kipande cha barabara kilichopimwa kwa utepe wa chuma. Husawazishwa kabla ya kazi na baada ya kazi, kwa sababu jua likipanda upepo wa tairi unatanuka na hesabu inabadilika. Mpimaji hufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara. Kisha huongeza mita moja katika kila elfu ili njia isije ikapungua kwa bahati mbaya. Kwa nusu marathoni nyongeza hiyo ni mita 21 hivi.

Kazi hiyo inahitaji uangalifu ule ule wa fundi wa Wakala wa Vipimo anapogonga muhuri kwenye mizani ya kahawa. Na mizani ikiachwa bila mtu wa kuisimamia, mnajua kinachotokea. Glasgow, mwaka 2016, iligundulika kwamba nusu marathoni ya Great Scottish Run ilikuwa pungufu kwa mita 149.7, kwa sababu njia haikuwekwa siku hiyo kama ilivyopimwa. Callum Hawkins, aliyekuwa ameshangiliwa kwa rekodi ya Uskoti ya dakika 60 na sekunde 24, akapoteza rekodi hiyo. Brighton, Uingereza, wakaja kukiri kwamba nusu marathoni yao ilikuwa imepungua mita 146 kwa miaka mitatu. Bangkok ilikuwa kinyume: mwaka 2015 kizuizi cha kugeuzia kiliwekwa mahali pasipo pake, na walioandikishwa kilomita 21 wakakimbizwa zaidi ya 27. Ile ya Glasgow ni kilo iliyopunjwa. Hii ya Bangkok ni lumbesa: umelipwa la gunia moja, umetoa gunia na robo.

Usidhani mita hizo ni mambo ya Wazungu. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wetu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani, baada ya zaidi ya saa mbili za kukimbia. Kijana wa Mbozi anayekimbia kilomita 21 ya mkoani kwa matumaini ya kuonekana anahitaji muda ambao wakala wa riadha popote duniani atauamini. Njia isiyopimwa inampa cheti kisicho na thamani, sawasawa na stakabadhi isiyo na muhuri.

Nimeambiwa na rafiki yangu mmoja kwamba nawaonea waandaaji, kwani mbio nyingi hizi ni za hisani. Zinachangia madarasa, vifaa vya hospitali, matibabu ya akina mama na watoto. Ni kweli, na mimi mwenyewe nimewahi kununua fulana ya mbio ambazo sikuzikimbia. Lakini hisani nayo ina hesabu zake. Mwenye Fuso aliyezuiwa saa nne na nusu amechangia, na mwenye duka aliyefungiwa mlango amechangia, ila majina yao hayasomwi jukwaani na hakuna aliyewauliza kama wanazo. Wakijulishwa mapema, mchango wao unapungua hadi karibu na sifuri na hospitali haipungukiwi kitu.

Ndiyo maana ninaomba Riadha Tanzania na halmashauri za miji, kabla ya kutoa kibali, ziwe zinadai mambo ambayo hayagharimu fedha nyingi. Ramani ya njia itangazwe miezi mitatu mbele, si kwa mkimbiaji tu bali redioni, kwenye mbao za matangazo za masoko na kwa vyama vya wasafirishaji. Ramani hiyo ioneshe kila kipande kitafungwa saa ngapi na kitafunguliwa saa ngapi, kwani mkimbiaji wa mwisho akishapita Uhindini hakuna sababu ya Uhindini kuendelea kufungwa hadi hotuba ziishe uwanjani. Karatasi ya vipimo ibandikwe pamoja nayo. Na kwenye kamati ya njia awepo mtu mmoja wa soko na mmoja wa malori. Watabishana sana, lakini afadhali wabishane kwenye kikao kuliko kwenye utepe.

Kwenu wawekezaji wadogo nina tahadhari moja. Msidanganyike kulipa kilemba cha fremu kwa kuambiwa kwamba marathoni inapita mbele yake. Njia ya mbio si hati ya kiwanja. Mwandaaji anaweza kuihamisha mwakani, mdhamini akibadilika nayo ikabadilika, na hata isipohama bado ni asubuhi moja kati ya siku 365. Chumba cha kulala wageni kilicho safi, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka uwanja wa kuanzia, hicho kina maana zaidi, maana wageni huja Ijumaa na uwanja hauhamishwi kwa urahisi. Na mwenye mtaji wa laki moja tu anunue ndizi mbivu na maji, aende kusimama mwisho wa mlima mkali, si mwanzo wake. Mwanzo wa mlima hakuna anayetaka kusimama.

Mjomba siku hizi hunipigia simu kila anapoandaa mzigo, kuniuliza kama kuna mbio mahali. Mimi hupekua matangazo, hupigia marafiki, kisha humjibu. Wiki iliyopita nilimwambia sijaona tangazo la mbio zozote kwenye jiji anakokwenda. Akanishukuru, akasema hata hivyo atapakia Ijumaa.